Treni ya askari ya 1917: je, kosa lilikuwa la dereva?

SWALI: Jambo Papa. Naishi Kamalondo, hapa Lubumbashi. Nkambo wangu, yaani babu, alikuwa mfunga breki wa BCK, kampuni ya reli ya hapa Katanga, akazeekea kazini wakati wa KDL iliyoirithi. Juzi mimi na kaka yangu tumebishana sana juu ya ile treni ya askari iliyoanguka Ufaransa Desemba 1917, karibu na Saint-Michel-de-Maurienne, ajali ambayo serikali iliificha. Kaka anasema kosa ni la dereva, aliiachia treni ikimbie. Mimi siamini. Nani alikosa? Waliwezaje kuficha maiti zaidi ya mia nne? Na sisi ambao nkambo alituachia habari za treni zilizoanguka ambazo hatuzikuti zimeandikwa popote, tuanzie wapi kutafuta?

JIBU: Mwanangu, nitakujibu kama nilivyozoea kuwajibu madereva vijana niliowafundisha kazi ya breki hapa mjini: kwanza tupime treni, ndipo tumtafute mtu. Kaka yako ameanza na mtu, na aliyeanza na mtu huishia kwa dereva, kwa sababu dereva ndiye anayeonekana.

Jibu langu ni kwamba treni ile ilikwisha kupotea ikiwa bado imesimama stesheni ya Modane. Yaliyotokea njiani yalikuwa yameshaamuliwa na uzito wake na breki zake. Lililobaki gizani mpaka leo ni nani alisema iondoke, na kwa nini hakuna aliyejibu kwa ajili ya neno hilo.

Tuanze na hali yenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1917 jeshi la Italia lilipigwa vibaya na Waaustria na Wajerumani huko Caporetto, Ufaransa ikapeleka divisheni zake kulisaidia. Desemba ilipoingia, baadhi ya askari hao wakapewa ruhusa ya kwenda nyumbani kwa siku chache. Wakapanda treni, wakapita handaki refu la reli chini ya milima ya Alps, wakatokea Modane, mji wa mpakani ulioko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo, usiku wa tarehe 12 Desemba, treni mbili ziliunganishwa zikawa moja yenye mabehewa 19, urefu wa mita 350 hivi, uzito wa tani 526. Ndani walikuwemo askari wapatao 982. Mbele kulifungwa kichwa kimoja tu cha mvuke. Kichwa cha pili, kilichotakiwa kusaidia, kilikuwa kimechukuliwa kwa ajili ya treni ya silaha.

Kutoka Modane reli inateremka na bonde la mto Arc. Zipo sehemu zenye mteremko wa 33 kwa 1,000, maana yake ukienda mbele mita 1,000 umeshuka mita 33. Mtu wa gari la barabarani ataona si kitu. Mtu wa reli atashika kichwa. Kwenye mteremko wa namna hiyo kila tani moja ya treni inavutwa chini kwa nguvu ya kilo 33. Zidisha kwa tani 526 upate zaidi ya kilo 17,000. Msuguano wa magurudumu na upepo unakusaidia kwa kilo 4 au 5 kwa kila tani, si zaidi. Zote zilizobaki ni mzigo wa breki, tangu juu mpaka chini, bila kupumzika.

Na breki zilikuwaje? Hapa ndipo nakuomba umwite kaka yako msome pamoja. Breki ya hewa, ile inayoitwa Westinghouse, inafanya kazi kwa bomba linalotoka kwenye kichwa cha treni na kupita chini ya kila behewa. Bomba likiwa limejaa hewa, breki zimefunguka. Dereva akitoa hewa kidogo, breki zinafunga kwenye kila behewa lililounganishwa. Treni ikikatika katikati, bomba linapasuka, hewa inatoka, na vipande vyote viwili vinajifunga vyenyewe. Ni kazi nzuri sana ya ufundi, imeokoa watu wasiohesabika. Lakini usiku ule, kati ya mabehewa 19, yaliyokuwa na breki hiyo yakiitii mkono wa dereva yalikuwa 3 ya mbele tu. Mengine 16 yalikuwa na breki za mkono, au hayakuwa na breki kabisa. Kuyashika yote waliwekwa wafunga breki 7.

Kazi hiyo ndiyo kazi ya nkambo wako, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mfunga breki yuko peke yake juu ya behewa lake. Ana gurudumu au mpini wa kuzungusha, na chini yake mnyororo wa vyuma unaosukuma viatu vya chuma vikabane magurudumu. Hana simu wala taa ya kumwambia lolote. Anasikiliza filimbi ya kichwa cha treni: dereva akipiga ishara ya kufunga, anazungusha, akipiga ya kufungua, anarudisha. Usiku ule ulikuwa wa Desemba milimani, na treni ilikuwa na urefu wa mita 350 katikati ya kelele za magurudumu. Hata ukiwa na nguvu za simba, unashika behewa lako tu, na humwoni mwenzako kama naye ameshika.

Kuna jambo lingine ambalo asiyefanya kazi hii hawezi kulijua kwa kukisia. Kiatu cha breki cha chuma cha kusubu hushika vizuri gurudumu likienda polepole. Mwendo ukipanda, kinashika kidogo. Ukipanda zaidi, kinashika kidogo zaidi, na joto linaongeza ubaya. Ndiyo sababu kwenye mteremko tunawafundisha vijana kufunga mapema, treni ikiwa bado inatembea kama mtu. Ukiuacha mwendo ukupite pale mwanzo, kila nusu kilometa unayokwenda unanyang'anywa breki uliyokuwa nayo. Kwenye sehemu ile mwendo ulioruhusiwa ulikuwa km 40 kwa saa. Treni iliacha reli ikiwa kwenye km 102 kwa saa, na wako wanaosema ilizidi hapo. Nimepiga hesabu: kwenye mteremko wa 33 kwa 1,000, treni isiyoshikwa na breki yoyote inatoka km 40 kufika km 102 ndani ya kilometa moja na robo hivi. Kati ya Modane na Saint-Michel kuna zaidi ya kilometa 15. Ina maana watu wale, dereva na wafunga breki wake, waliipigania treni ile mpaka ikawashinda. Mtu "aliyeiachia ikimbie" asingefika mbali kiasi kile.

Karibu na Saint-Michel, mahali panapoitwa La Saussaz, behewa la kwanza liliruka reli na kiungo chake na kichwa cha treni kikakatika. Yaliyofuata nyuma yakapandana. Yalikuwa ya mbao. Askari walikuwa wamewasha mishumaa ndani, na wengine walikuwa wamebeba mabomu ya mkono kama kumbukumbu za vita. Moto ukashika, mabomu yakaanza kupasuka, na ukawaka mpaka siku ya pili yake. Kichwa cha treni kiliendelea peke yake, na dereva, macho yake yote yakiwa kwenye breki, hakujua kwamba hana tena treni nyuma yake mpaka kule chini. Akarudi kusaidia, pamoja na askari Waskoti waliokuwa Saint-Jean-de-Maurienne. Nasisitiza hilo, kwa kuwa mtu hurudi kwenye moto wa namna ile kwa moyo wake mwenyewe.

Sasa tuje kwa amri. Habari iliyopokewa na kuandikwa na wengi ni kwamba dereva alikataa kuondoka. Aliona uzito, aliona idadi ya breki, akasema haiwezekani, na afisa wa jeshi aliyesimamia treni pale stesheni akamlazimisha. Elewa mazingira yao: wakati wa vita reli za Ufaransa zilikuwa chini ya mamlaka ya kijeshi, na dereva mwenyewe alikuwa na cheo cha jeshi. Kukataa kwake hakukuwa kama kukataa kwa fundi anayegombana na bosi wake. Kulikuwa kukataa amri wakati wa vita, na kila mtu alijua adhabu yake.

Na kwa nini afisa ang'ang'anie? Wengi wanasema ukatili au ujinga. Mimi naona sababu ya tatu, ambayo inanitisha kuliko hizo mbili. Masika ya mwaka uleule wa 1917 askari wengi wa Ufaransa walikuwa wamegoma kurudi kwenye mashambulizi, na moja ya manung'uniko yao makubwa lilikuwa ruhusa za kwenda nyumbani zisizofika au zinazochelewa. Jenerali Pétain alipopewa jeshi, moja ya dawa zake ilikuwa kuhakikisha ruhusa hizo zinatolewa. Basi fikiria afisa wa Modane mwezi Desemba, ana askari karibu elfu moja waliotoka kwenye baridi ya Italia, Noeli inakaribia, wanaona treni imesimama na hawaambiwi kwa nini. Kuwachelewesha usiku mmoja kulionekana kwake kuwa hatari, na mteremko, ambao treni nyingi zilikuwa zimeushuka salama, haukuonekana hivyo. Hiyo ni fikra yangu, lakini nimeona jambo la sura hiyo kwenye reli mara nyingi: hatari iliyozoeleka inashindwa hoja na usumbufu uliopo mbele ya macho.

Waliopelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi walikuwa wafanyakazi 6 wa kampuni ya reli ya PLM. Wote waliachiwa huru Julai 1918. Kaka yako anapaswa kukaa na jambo hilo. Mahakama ya jeshi, katikati ya vita, ikiwa na kila sababu ya kumtupia mzigo mtu mdogo, iliangalia karatasi za uzito na breki ikashindwa kuwatia hatiani watu wa reli. Na baada ya kuwaachia, ikaishia hapo. Hakuna mtu mwingine aliyehukumiwa. Ukiwatoa watu wa reli kwenye lawama, anayebaki ni aliyeruhusu treni kuondoka, na mlango ukafungwa palepale. Kwangu mimi ndilo fumbo lenyewe, kubwa kuliko idadi ya maiti.

Unauliza iliwezekanaje kuficha. Haikufichwa kwa kuwanyamazisha watu wa bonde lile. Wao waliona moto, wakavuta majeruhi, wakazika. Kilichofanyika ni kuuzuia mji mmoja usizungumze na mwingine. Jeshi liliifanya habari kuwa siri, na magazeti wakati huo yalipita mikononi mwa wakaguzi kabla ya kuchapwa. Gazeti la Le Figaro, moja ya makubwa ya nchi, lilitoa mistari 21 tu, tarehe 17 Desemba. Na marehemu walitoka kila pembe ya Ufaransa. Familia moja inapata barua kwamba mtoto wao amefariki. Kijiji cha jirani, kilometa 200 kutoka hapo, kinapata yake. Nchi iliyokuwa ikipokea barua za vifo kila siku tangu 1914 haikuwa na njia ya kujua kwamba mia kadhaa za barua hizo zilitoka kwenye treni moja, usiku mmoja. Kwa hiyo huzuni yenyewe haikufichwa kwa mtu yeyote. Kilichofichwa ni kwamba huzuni zile zote zilikuwa moja.

Moto nao ulisaidia. Miili 424 ilitambuliwa rasmi. Mingine 135 haikutambulika. Ilikuwepo iliyookotwa kandokando ya reli, na zaidi ya watu mia walikufa hospitalini au njiani kupelekwa huko katika wiki mbili zilizofuata. Asubuhi ya tarehe 13 yalipoitwa majina, askari 183 tu ndio walioitikia. Kwa hiyo ukikuta mwandishi mmoja anasema 425 na mwingine anasema karibu 700, usidhani mmoja wao anadanganya. Wa kwanza anahesabu wenye majina, wa pili anajaribu kuhesabu wote. Ni lazima umuulize kila mtu amehesabu nini.

Mnara wa kwanza wa kumbukumbu ulizinduliwa kwenye makaburi ya Saint-Michel mwaka 1923, mbele ya waziri wa vita, André Maginot. Mwaka 1961 mabaki yalihamishiwa makaburi ya kijeshi ya La Doua, karibu na Lyon. Pale La Saussaz penyewe, mahali treni ilipoanguka, jiwe la kumbukumbu liliwekwa Desemba 1998. Zilipita zaidi ya miaka 80 kabla mahali pale hapajapewa ishara yake.

Ngoja nikupe kesi ya pili, kwa sababu inajibu swali lako la jinsi ukweli unavyopatikana mashahidi wakiwa wamekufa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 1944, kusini mwa Italia, treni ya mizigo namba 8017 ilikuwa inapanda kuelekea Potenza. Ilivutwa na vichwa viwili vya mvuke, vyote mbele, na juu ya mabehewa yake kulikuwa na mamia ya watu wasiotakiwa kuwemo. Walikuwa watu wa Naples na miji ya karibu, njaa imewachosha, wanakwenda mashambani kubadilisha vitu vyao kwa mayai, mafuta na nyama. Baada ya stesheni ya Balvano treni iliingia handaki la Armi, lenye urefu unaokaribia kilometa 2 na lenye mpando. Makaa ya mawe yalikuwa mabovu, ya wakati wa vita. Magurudumu yalianza kuteleza, treni ikasimama, na karibu yote ilikuwa ndani. Makaa yale yalitoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu zaidi ya 500 walikufa, wengi wao usingizini. Behewa hata moja halikuvunjika.

Madereva na wapiga makaa wa vichwa vyote viwili, wale ambao wangeweza kueleza, wengi wao walikufa wakiwa kazini. Lakini mikono yao iliacha maelezo. Vichwa vilipokaguliwa, mitambo ya kimoja ilikutwa imewekwa kwenda mbele na ya kingine kurudi nyuma. Nakuomba uone jambo hilo kwa jicho la kazi. Dereva mmoja, moshi ukimjaa kifuani, aliamua wapande wamalize handaki. Mwenzake, mita chache tu kutoka kwake, aliamua warudi Balvano. Hawakuweza kusemezana. Kila mmoja alitumia pumzi zake za mwisho kuwaokoa watu wale, na nguvu ya mmoja ikafuta nguvu ya mwingine. Chuma ndicho kilichotoa ushahidi.

Na habari ile ikazimwa. Eneo lilikuwa chini ya majeshi ya Washirika, vita vilikuwa vikiendelea, na hakuna aliyehukumiwa. Lakini hapa kulikuwa na kifuniko kingine kizito kuliko ukaguzi wa magazeti: ilisemwa kwamba marehemu hawakuwa abiria. Walikuwa wamedandia treni ya mizigo, basi kifo chao kikawa kama wamekitafuta. Watu wengi walizikwa kwenye makaburi ya pamoja pale Balvano bila majina.

Mtu wa Katanga akisoma maneno hayo moyo wake lazima ushtuke. Tarehe 10 Machi 2022, huko Buyofwe katika Lualaba, kwenye njia ya Luena kwenda Tenke, treni ya mizigo ya mabehewa 15 iliacha reli na baadhi ya mabehewa yakatumbukia bondeni. Idadi ya kwanza ilikuwa watu 60, ikapanda mpaka 75. Novemba 2017, upande wa Lubudi, treni iliyobeba mafuta ilianguka mteremkoni, ikaungua, watu zaidi ya 30 wakafa. Mara zote mbili neno lililotangulia kwenye redio lilikuwa lilelile: klandesta. Watu wa kujificha. Wewe na mimi tunajua walikuwa kina nani. Ni mama anayepeleka mahindi, ni mwanafunzi anayerudi nyumbani, ni mtu ambaye barabara ya kwao haipitiki mvua ikinyesha na treni ya abiria haijulikani itapita lini. Neno hilo silipendi, na nasema hivyo kama mtu niliyeishi na reli. Anayekufa bila tiketi hana jina kwenye karatasi yoyote ya treni, na asiye na jina kwenye karatasi hawezi kuhesabiwa vizuri hata na mtu mwenye nia njema. Hapahitajiki mtu mbaya anayeficha. Pengo la karatasi linatosha.

Kabla sijaenda kwenye swali lako la mwisho, nikuonye upande wa pili pia. Tarehe 3 Januari 1944, miezi miwili kabla ya Balvano, treni ya abiria na barua iliyotoka Madrid ilipoteza breki ikagonga kichwa kingine ndani ya handaki huko Torre del Bierzo, Hispania, kisha treni ya makaa ikaja upande wa pili ikagonga. Serikali ya Franco ilitangaza vifo 78. Faili la uchunguzi lilipotea. Watu hawakuiamini namba ile, wakaanza kutaja mamia, na kadiri miaka ilivyopita mamia yakaongezeka, mpaka hadithi ikawa kubwa kuliko ushahidi. Mwanangu, ukimya wa serikali unazaa uongo wa aina mbili, namba ndogo ya ofisini na namba kubwa ya mtaani. Mtafiti mwaminifu hasimami upande wowote mpaka ameona makaburi na rejesta.

Basi tuje kwa nkambo wako. Reli ilifika hapa mjini, wakati ule Elisabethville, mwaka 1910 ikitokea Sakania. Ikafika Bukama 1918 na Port-Francqui, Ilebo ya leo, 1928. Hiyo ni njia ndefu, na kwa muda mrefu iliendeshwa na makampuni yaliyoandika kila kitu. Namshukuru Mungu kwa tabia hiyo ya kuandika, hata kama waliandika kwa faida yao.

Usianze na gazeti. Magazeti ya mji huu enzi za ukoloni, kama L'Essor du Congo, yaliandikwa kwa ajili ya Wazungu. Ukipata habari ya ajali humo utapata tarehe na mahali, jambo la maana sana, lakini usitegemee majina ya wafunga breki na vibarua. Anza na mazungumzo ya ukoo, na uyaandike kwa tarehe za watu wa kawaida: mvua au kiangazi, mama alikuwa na mimba ya nani, shule zilikuwa zimefungwa au la, padri gani alizika. Kumbukumbu ya mtu hukosea mwaka kirahisi, lakini haikosei mtoto gani alikuwa mgongoni.

Ukishapata msimu na sehemu ya njia, nenda kwenye rejesta za parokia zilizo kandokando ya njia hiyo: Likasi, Lubudi, Bukama, Kamina na nyinginezo. Mapadri waliandika maziko siku kwa siku. Wewe hutafuti neno "ajali". Unatafuta siku ambayo mahali pa kuzika mtu mmoja kwa wiki walizikwa watu sita kwa siku mbili. Ukiikuta siku hiyo, umekwisha kufungua kesi.

Baada ya hapo zifuate karatasi za reli. Kila treni ilikuwa na karatasi yake ya safari: namba za mabehewa, tani, breki ngapi, saa ya kuondoka na kufika kila stesheni. Kila stesheni ilikuwa na daftari la kupitisha treni. Daftari la stesheni mbili jirani likionyesha treni imetoka ya kwanza na haikufika ya pili, au imefika baada ya siku tatu, hakuna mkubwa anayeweza kulibishia. Sehemu ya karatasi za wakati wa ukoloni iko Brussels, kwenye Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, ambako pia zimehamishiwa zile zinazoitwa Nyaraka za Afrika za wizara yao. Ukiandika barua ya kuomba, taja sehemu ya njia na miaka, usiandike "ajali iliyofichwa". Mtunza nyaraka hutafuta kwa mahali na tarehe; lawama haina rafu yake.

Tafuta pia faili za fidia na posho za wajane. Kampuni inaweza kunyamaza gazetini, lakini ikilipa mjane lazima iandike imemlipa nani, kwa kifo cha lini, na kilichotokea wapi. Kwa uzoefu wangu hapo ndipo majina ya watu wetu yanapopatikana, kwenye karatasi za mhasibu.

Kama kwenu kuna daftari lolote la nkambo, hata lililoliwa na mchwa, lipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya kulibandika au kulifunga upya. Wafunga breki wengi waliandika kwa kalamu ya risasi namba ya treni, idadi ya mabehewa na jina la dereva, kwa sababu walilipwa kwa safari. Namba hizo ndizo nitakazozihitaji. Ukinipatia uzito wa treni, idadi ya breki zilizokuwa zikifanya kazi na mahali ilipoanguka, nitakupigia hesabu ileile niliyompigia kaka yako hapo juu, tuone kama treni hiyo nayo ilipaswa kuondoka stesheni au la.